Risiva mbili zinazolingana, sebule moja ya Forest Mpya

Nyumba iko Forest Mpya, jijini Mbeya. Sebule ina urefu wa mita 5.4 na upana wa mita 4.2. Chini ni vigae, juu ni dari ya jipsamu kwa kimo cha mita 2.8, na kuta ni za tofali za kuchoma zilizopigwa lipu laini. TV ni ya inchi 55, ya 4K, yenye ARC ya kawaida (njia ya kurudisha sauti ya TV kwenye risiva kwa waya wa HDMI), na kioo chake kinaishia picha 60 kwa sekunde. Spika ni tano na sabufa moja yenye umeme wake. Mbili za mbele zinasimama sakafuni, ni za omu 8 na zinatoa desibeli 88 kwa wati moja kwenye umbali wa mita moja. Ya katikati ni ya omu 6. Vyanzo ni vinne: king'amuzi cha dishi, PS5, kisanduku cha Android na deki ya Blu-ray.

Risiva, yaani mashine inayokusanya vyanzo vyote, ikatuma picha kwenye TV na sauti kwenye spika, ilikuwa ya mwaka 2012, nayo iliacha kutoa picha masika yaliyopita. Redio ilikuwa bado inasikika, na simu ikiunganishwa kwa waya wa sauti ilipiga muziki vizuri kwenye spika zote. Mwenye nyumba alishakusanya bei tatu za risiva nyingine, na swali lake lilikuwa fupi: achukue ipi?

Kabla ya kulijibu kulikuwa na jambo la kuulizwa kwanza, nalo wengi huliruka: ya zamani ilikufa kwa nini? Risiva inayopiga redio kwa sauti safi lakini haioni king'amuzi, deki wala PS5 haijafa amplifaya. Imekufa bodi ya HDMI, ile inayopokea picha na sauti kutoka kwenye vyanzo hivyo. Na nyanda za juu kusini, bodi ya HDMI ikifa kati ya Novemba na Aprili, mshukiwa wa kwanza ni radi iliyoingia kwa njia ya dishi. Si lazima radi ipige dishi lenyewe. Ikipiga jirani, mkondo unazuka kwenye waya mrefu wa dishi, unaingia kwenye king'amuzi, unapita kwenye waya wa HDMI na kufika kwenye chipu za risiva, ambazo hufanya kazi kwa volti chache tu. Kinga iliyochomekwa ukutani haioni chochote, kwa kuwa mkondo huo haukupita ukutani. Hapa ushahidi ulikuwa wazi: king'amuzi nacho kilibadilishwa wiki ileile, na dishi limefungwa kwenye bomba la chuma juu ya bati bila waya wowote wa ardhini.

Kwa hiyo pendekezo la kwanza halikuhusu risiva hata kidogo. Bomba la dishi liunganishwe kwa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba hadi kwenye ardhi kuu ya nyumba, ileile inayotumiwa na mita ya LUKU. Isichimbiwe fimbo ya pembeni inayojitegemea. Ardhi mbili zisizounganishwa hupishana volti radi inapopiga, na tofauti hiyo hujisawazisha kupitia vyombo vyako. Waya wa dishi nao upitishwe kwenye kiungio chenye skrubu ya ardhi kabla haujaingia ndani. Hata baada ya hayo, mawingu yakianza kunguruma upande wa mlima Loleza, chomoa plagi na uchomoe pia waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Watu huchomoa plagi pekee, halafu wanashangaa.

Njia ya bure nayo ilijaribiwa: kuchomeka vyanzo vyote kwenye TV na kuirudishia risiva ya zamani sauti kwa waya wa mwanga (optical). Kwa nyumba nyingi hilo lingetosha, angalau kwa muda. Hapa lilikwama kwa sababu TV hii, kama zilivyo nyingi, ilipitisha sauti ya chaneli mbili tu kutoka kwenye matundu yake ya HDMI. PS5 ilipoteza spika za nyuma zote. Kuitengeneza bodi ya zamani nako hakukuwa na maana: risiva ya enzi ya HDMI 1.4 inaishia 4K ya picha 30 kwa sekunde. HDMI 2.0, iliyobeba picha 60, ilitoka Septemba 2013.

Sasa bei tatu. Ya kwanza, rahisi kwa karibu theluthi moja, ilikuwa Denon AVR-S760H iliyotumika, imetoka Marekani. Ya pili, Denon AVR-X1700H mpya. Ya tatu, Yamaha RX-V6A, mpya pia, ya kuagizwa Dar es Salaam. Kati ya hizi mbili mpya tofauti ya bei haikufika laki mbili.

Ile ya Marekani iliondolewa kwa kusoma kibandiko cha nyuma tu. Kimeandikwa AC 120V, 60Hz. Umeme wetu ni volti 230, Hz 50, na risiva za daraja hili hazina swichi ya kuchagua volti. Ukiichomeka moja kwa moja, fyuzi na mara nyingi transfoma ya ndani vinakwenda kabla hujatafuta rimoti. Muuzaji atasema weka transfoma ya kushusha. Inawezekana, lakini hesabu yake haijakamilika. Transfoma iliyotengenezwa kwa Hz 60 ikiendeshwa kwa Hz 50 kwa volti zilezile 120, chuma chake kinabeba nguvu ya sumaku zaidi kwa asilimia 20. Matokeo ni joto na mvumo. Ukishusha hadi volti 110 ongezeko linabaki asilimia 10, ambalo huvumilika. Lakini sasa una boksi jingine zito la angalau VA 1000 linalokula umeme na kutoa joto usiku kucha, na redio ya FM ya Kimarekani inaruka kwa hatua ya 0.2 MHz, hivyo baadhi ya stesheni zetu haitazishika sawasawa. Theluthi ya bei iliyookolewa inaliwa na vikorokoro.

Zilibaki mbili, na hapo ndipo watu hupotezea muda mwingi kwa jambo dogo kuliko yote: wati.

Denon inaandika wati 80 kwa chaneli, Yamaha wati 100. Safari hii namba zinalinganishika kwa haki, kwa sababu zote zimepimwa kwa omu 8, kuanzia Hz 20 hadi 20,000, chaneli mbili zikifanya kazi, uchafuzi wa sauti ukiwa asilimia 0.08 kwa Denon na 0.06 kwa Yamaha. Si kila kampuni inaandika hivyo. Sony STR-DH790, kwa mfano, ina namba kubwa ya wati 145, ila hiyo ni kwa omu 6, kwa mlio mmoja wa 1 kHz na chaneli moja tu. Na zile sabufa za madukani zilizobandikwa wati 10,000 hazihitaji maelezo. Soma fyuzi yake utacheka.

Tofauti kati ya wati 80 na 100 ni chini kidogo ya desibeli moja. Sikio la kawaida katikati ya filamu halitaigundua. Tufanye hesabu ya sebule yenyewe. Spika ya desibeli 88, msikilizaji akiwa mita tatu, inapoteza desibeli 9.5 njiani, hivyo wati moja inamfikia kama desibeli 78.5. Sauti ya desibeli 85, ambayo kwa jirani tayari ni kelele, inataka wati 4 na nusu. Vilele vya desibeli 95 vinataka wati 45 kwa spika moja ikiwa uwanjani pasipo kuta. Ndani ya sebule, spika mbili zikisaidiana na kuta zikirudisha sauti, ni kama 15 hadi 20. Zote mbili zina akiba. Tena sabufa ina amplifaya yake, kwa hiyo mzigo mzito wa besi hauko kwenye risiva. Wati zikatolewa mezani.

Matundu ya HDMI: Denon sita, Yamaha saba. Vyanzo vinne. Nayo yakatolewa.

Kisha 8K. Kila moja ina matundu matatu yanayopokea 8K au 4K ya picha 120 kwa sekunde. TV ya nyumba hii haifiki huko, na ni TV ya kukaa nayo miaka mitano ijayo. Hata hivyo kuna historia ya kujua kwa anayenunua kwa ajili ya michezo ya video. Mwaka 2020, risiva za kwanza za HDMI 2.1 kutoka Denon, Marantz na Yamaha zilitoka na chipu iliyopoteza picha pale Xbox Series X au kadi za NVIDIA RTX 30 zilipotuma 4K ya picha 120. Yamaha ilikuja kutangaza kubadilisha bodi bure, na RX-V6A ni ya kundi hilo la 2020. X1700H ilitoka 2021, baada ya kasoro hiyo kushughulikiwa. Aliyekuwa London ilimtosha kuomba bodi ibadilishwe. Ukiwa Mbeya, na risiva imekaa ghalani tangu mwanzo, jiulize nani atakulipia nauli ya mzigo. Kwa PS5 na TV ya picha 60 kasoro hiyo haimgusi huyu, ila bei ya kuuza baadaye itaguswa.

Kwa kuwa TV ina ARC ya kawaida na siyo eARC, toleo lake jipya lenye uwezo zaidi, PS5 lazima iingie kwenye risiva kwanza, ndipo picha iende kwenye TV. PS5 hutoa sauti ya chaneli nyingi isiyobanwa, na ARC ya kawaida haiwezi kuirudisha nzima. Hapo zote mbili ni sawa.

Kilichobaki kinachotofautiana kweli ni upimaji wa chumba, yaani risiva kusikiliza chumba kwa maiki na kurekebisha sauti yake. Sebule hii ni mbaya kwa sauti: vigae chini, jipsamu juu, lipu pembeni, pazia nyepesi. Piga kofi katikati utasikia linarudi. Malalamiko ya familia yalikuwa yaleyale ya nyumba za aina hii: milipuko inasikika, maneno hayasikiki. Denon inakuja na Audyssey MultEQ XT, inayopima sehemu nane za kukaa na kurekebisha spika zote pamoja na sabufa. Ina pia Dynamic EQ, inayorudisha besi na sauti za nyuma unaposikiliza kwa sauti ndogo usiku watoto wakiwa wamelala. Yamaha ina YPAO yenye R.S.C., inayolenga mrudisho wa kwanza wa kuta, na inakupa mitindo mitatu ya marekebisho ya kuchagua: Flat, Front na Natural. Yamaha nayo ina kitu cha sauti ndogo, YPAO Volume. Kwa maoni yetu, kwenye chumba kigumu chenye sabufa, Audyssey XT inaifanya besi isivume, na hilo ndilo lililokuwa likifunika maneno. Kwenye chumba chenye zulia zito na mwenyewe ni mtu wa muziki wa chaneli mbili, tungeegemea Yamaha bila kusita.

Ni ushindi mwembamba, tukiri hivyo. Kilichouongezea uzito ni masharti ya wauzaji. Yamaha ingeagizwa, ilipwe yote kabla, na boksi likifunguliwa halirudi. Denon ilikuwa dukani Mbeya, na muuzaji alikubali ijaribiwe kaunta na kuandika siku 14 za kubadilisha. Chombo cha kilo 8.6 ambacho uzito wake mwingi uko upande mmoja wa transfoma, kikisafiri zaidi ya kilomita 800 chini ya mizigo ya basi, Kitonga na matuta yote yakihusika, kinaweza kufika na bodi iliyopasuka ndani ya boksi lisilo na mkwaruzo. Yamaha ni kilo 9.8, hali ileile. Bidhaa mbili zikikaribiana hivi, chukua ile unayoweza kuiwasha mbele ya muuzaji.

Majaribio ya kaunta yalichukua kama nusu saa. Angalia kwanza kibandiko: volti 230, Hz 50/60. Angalia pembe za boksi upande wa transfoma. Kama mzigo umeshushwa alfajiri ya Juni au Julai, usiku ukiwa umeshuka chini ya nyuzi 10, iache ndani ya boksi saa tatu au nne ipate joto la chumba, maana hewa ya chumba ikigusa bodi ya baridi huacha unyevu juu yake, na kuiwasha hivyo ni hatari. Beba spika moja, waya wa HDMI unaouamini na kisanduku chochote cha 4K. Hamisha kisanduku tundu kwa tundu, yote sita. Washa mlio wa majaribio na uhamishe spika kwenye kila pato, yote saba. Sikiliza kila rilei ikigonga. Mwisho, hesabu vilivyomo: rimoti, antena na hasa maiki ya kupimia. Boksi lililowahi kufunguliwa mara nyingi limepoteza maiki, na maiki ya Yamaha haifai kwenye Denon wala ya Denon kwenye Yamaha, kwa sababu kila programu inajua mwitikio wa maiki yake tu.

Nyumbani tatizo la kwanza lilikuwa kabati. Uwazi wake ni sentimita 21. Denon ina kimo cha milimita 151, Yamaha 171, na mwenye nyumba alishafurahi kwamba zote zinaingia. Kuingia ni kitu kimoja, kupumua ni kingine: Denon inashauri sentimita 30 za uwazi kila upande. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo inabeba joto kwa shida kidogo zaidi. Baridi yetu inafidia hilo, ila si ndani ya kabati lililofungwa. Seremala alitengeneza kijukwaa cha paini ya Sao Hill kilicho wazi juu na nyuma, risiva ikakaa hapo, na king'amuzi kikahamia kabatini. Usiweke king'amuzi juu ya risiva. Ndiko joto linakotokea.

Umeme: kinga yenye kukata volti zikishuka au kupanda, na yenye kusubiri dakika moja au zaidi kabla ya kurudisha, ni muhimu kuliko stabilaiza. Umeme unaporudi TANESCO ikiwasha mtaa mzima, sekunde za kwanza ndizo mbaya. Risiva hii inakadiriwa kula wati 430. Stabilaiza, kama mtaa wako unashuka sana jioni, iwe VA 1000 kwenda juu.

Waya za spika za nyuma zilikuwa nyembamba, za nusu milimita ya mraba, mita 12 kila upande. Kwenda na kurudi ni mita 24, sawa na omu 0.83, yaani asilimia kumi ya spika ya omu 8. Lengo ni chini ya asilimia tano. Waya wa shaba wa milimita 1.5 unashusha hadi 0.28, na inatosha, wa 2.5 ni kwa wenye vyumba vinavyokaribia ukumbi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe kabla ya kulipa: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na upinzani wake ni mkubwa zaidi.

Upimaji ulifanywa mchana mkavu. Mvua juu ya bati inaharibu vipimo hata kama kuna jipsamu chini yake, kwani maiki haijui kutofautisha. Friji ilizimwa. Maiki ikakaa kwenye stendi kwa kimo cha masikio, si juu ya mto wa kochi. Kitufe cha sauti cha sabufa kikawekwa katikati, na kile cha masafa mwisho kabisa, ili risiva ndiyo ikate. Kipimo cha kwanza kilileta sabufa kwenye -12, mwisho wa mizani, maana yake risiva imeshindwa kushusha zaidi. Kitufe kikapunguzwa, kikapimwa upya, kikaja -4. Audyssey iliziita spika za mbele kubwa. Zikarudishwa kuwa ndogo na mkato ukawekwa 80 Hz, ili besi iliyo chini ya hapo iende kwenye sabufa. Hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi, na bila yake besi ya spika za mbele haifiki kwenye sabufa.

Kwenye tundu la PS5, muundo wa HDMI ukabadilishwa kutoka Standard kwenda Enhanced. Ukiacha Standard, 4K ya picha 60 haiji na rangi kamili, na mtu analaumu waya. Kwa king'amuzi, Dynamic EQ ikapewa punguzo la desibeli 15, kwa sababu sauti ya matangazo huwa imebanwa na bila punguzo hilo mechi ya Simba na Yanga inageuka ngoma tupu. Spika ya katikati ikaongezwa desibeli 2. Zulia la mita 2 kwa 3 likawekwa kati ya TV na kochi, na pazia zito likachukua nafasi ya lile jepesi. Ukweli ni kwamba zulia lilisaidia maneno kusikika kuliko tofauti yoyote iliyokuwepo kati ya risiva zile mbili.

Spika mbili za juu za Atmos (mfumo wa sauti inayotoka juu pia), ambazo risiva inaziruhusu kwa mpangilio wa 5.1.2, yaani spika tano, sabufa moja na mbili za juu, zimeahirishwa. Jipsamu pekee haibebi spika. Inahitaji kipande cha mbao kufungwa kwenye fremu juu yake. Waya zake zimeshavutwa na kuachwa darini, ncha zikiwa zimefungwa tepu kila moja peke yake, kwa sababu dari itapakwa rangi mwezi ujao.